Ushuru Niliomkata Dada Yangu

Mama yetu aliuza samaki wakavu kwa zaidi ya miaka ishirini, na alipokufa, katikati ya miaka ya themanini, alituachia vyumba sita vya kupangisha katika mtaa wa Manyatta. Kuta zilikuwa za udongo zilizopigwa plasta ya simiti, paa la mabati, choo kimoja cha shimo nyuma, na bomba la maji lililotoa maji siku lilipojisikia. Aliviacha kwa watoto wake wawili, mimi na dada yangu mkubwa, nusu kwa nusu. Hakuliacha jambo hilo hewani. Alimwita pasta na akina mama wa kanisa akasema mbele yao, kisha akatupeleka sisi wawili kwa chifu, majina yetu yote mawili yakaandikwa kwenye karatasi ya ploti. Baba zetu wadogo walinung'unika. Msichana aliyeolewa ana kwao kwingine, walisema, vyumba vya hapa vinamhusu nini? Mama aliwajibu kwamba ploti ile ilinunuliwa kwa samaki, si kwa ng'ombe wao, na samaki hao dada yangu aliwabeba kichwani tangu akiwa darasa la nne, mpaka akaacha shule ili karo iliyokuwapo initoshe mimi.

Hayo nayaweka mbele makusudi. Sitaki mtu asome haya akidhani kwamba sikujua nusu ile ilikuwa ya nani au ilitoka wapi.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilifundisha hesabu na uraia, na nilijivuna. Nilitembea na kalamu tatu mfukoni, nyeusi, ya buluu na nyekundu, hata siku ya Jumapili. Katika uraia kulikuwa na somo la ushuru, na nililipenda. Ushuru hujenga nini? niliwauliza watoto, nao wakajibu kwa pamoja: hospitali, barabara, shule. Mtu asiyelipa ushuru anamwibia nani? Anatuibia sisi sote. Nilikuwa nikiwarudisha waseme tena kwa sauti zaidi, na darasa la jirani lilikuwa likisikia.

Dada yangu aliolewa Otonglo, kando ya barabara ya Busia, na alikaanga samaki sokoni hapo. Mumewe, shemeji yangu, alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha samaki mjini. Alikuwa mtu mpole, mwenye kucha nyeusi kwa grisi, na kwa miaka yote niliyomjua sikumsikia akipaza sauti. Nilimdharau kidogo. Sikumdharau usoni, kwa sababu sikuwa na haki hiyo: ng'ombe aliowaleta kumwoa dada yangu hawakukaa kwetu hata mwaka mmoja, waliswagwa kwenda kwa wakwe zangu, nami nikapata mke. Ndivyo ilivyo kwetu, dada huolewa na kaka huoa kwa ng'ombe haohao. Lakini moyoni nilimwona kuwa mtu wa spana tu, wa kuambiwa mambo na wenye kalamu.

Mimi ndiye niliyekusanya kodi ya vyumba, kwa sababu nilikaa Kondele, mwendo wa miguu tu kutoka Manyatta. Mwisho wa mwezi nilipita mlango kwa mlango, na Jumamosi iliyofuata nilimpelekea dada yangu nusu yake Otonglo. Mwaka wa kwanza ulipita vizuri. Nilimpa yote, alinifungia samaki kwenye gazeti, na tulicheka.

Kisha mwalimu mwenzangu akaniambia kwamba ule ushuru tunaokatwa kwenye mshahara ni wa mshahara peke yake. Kodi ya nyumba ni pato jingine, na lazima liandikwe kwenye fomu. Nilienda ofisi ya ushuru nikauliza, na kwa kweli nilikwenda kwa nia njema. Karani alinieleza mambo matatu. La kwanza, nyumba ikiwa ya watu wawili, kila mmoja hulipa ushuru wa fungu lake, si mmoja kwa niaba ya wote. La pili, kabla ya kuhesabu unaruhusiwa kutoa gharama za kurekebisha nyumba, mabati yakioza au mlango ukivunjika, mradi uwe na risiti, na hizo pia hugawanywa kama mapato yanavyogawanywa. La tatu lilikuwa la ajabu kidogo, lakini ndivyo sheria ilivyokuwa wakati ule: pato kama lile likiwa la mwanamke aliyeolewa, lilihesabiwa kuwa la mumewe, likaandikwa kwenye fomu ya mumewe.

Nilitoka na fomu mkononi nikifikiria jambo hilo la tatu, na hapo ndipo nilipoanza kuharibika.

Jumamosi ile nilimketisha dada yangu nikatoa karatasi na kalamu, kama ninavyofanya na mtoto aliyechelewa kuelewa. Tulizungumza Kijaluo, kama kawaida yetu. Nilimweleza kwamba serikali inataka ushuru wa vyumba. Nilimweleza kwamba fungu lake litaingia kwenye fomu ya mumewe. Kisha nikateremsha sauti. "Akiliona kwenye fomu atajua kila shilingi unayopata," nikamwambia. "Kesho atakuambia karo ni yako, na sukari ni yako. Afadhali niandike zote kwangu. Nitakukata kidogo kila mwezi, nikulipie."

Aliniangalia. Alikuwa na macho ya mama yetu, yasiyopepesa haraka.

"Kidogo kiasi gani?"

"Katika kila shilingi kumi, tatu."

"Na wewe unakatwa tatu?"

"Na mimi pia," nikasema.

Hiyo tatu sikuipata popote. Niliichagua kwa sababu ilikuwa rahisi kuhesabu. Aliitikia kwa kichwa, nami nikarudi Kondele nikijiona kaka mwema anayemkinga dada yake. Kama kuna jambo linalonifanya nijione mjinga hadi leo, ni kwamba siku hiyo niliamini kweli.

Miezi minne ya kwanza pesa zile zilikaa kwenye bahasha, ndani ya kabati, chini ya vitambaa vya meza. Nilikuwa nimeandika juu yake kwa kalamu nyekundu: USHURU. Kisha mtoto wangu akaugua malaria, nikachukua kidogo, nikaandika nyuma ya bahasha kiasi nilichochukua ili nirudishe. Kisha nikachukua tena. Wakati wa kupeleka fomu ulipofika, bahasha ilikuwa na shilingi zisizotosha hata nauli ya kwenda Busia na kurudi. Fomu yenyewe niliijaza mpaka pale inapouliza kama nyumba ina mwenye wa pili. Niliandika jina langu vizuri, kwa herufi kubwa, na namba ya ploti. Hapo pa mwenye wa pili nikasimamisha kalamu. Nikaiweka fomu chini ya vitambaa vya meza, nikasema nitaimaliza Jumapili.

Sikuimaliza Jumapili hiyo wala nyingine yoyote. Lakini kukata sikuacha. Mwezi wa kwanza baada ya tarehe kupita, nilimhesabia dada yangu noti pole pole, nikizirudia mara mbili. Mwezi wa pili nilihesabu mara moja tu. Kwa pesa zile nilinunua kochi kwa fundi wa Kondele, la mbao ngumu, lenye mito ya rangi ya damu ya mzee, na mke wangu akashona vitambaa vya kufunika mgongo. Dada yangu alipokuja kututembelea alilipapasa akasema, "Mwalimu, umekuwa mtu mkubwa." Nilimpa soda. Nilimpa mbili.

Haikuishia hapo. Mwaka mmoja, mwezi wa sita, waziri alisoma bajeti redioni, bia ikapanda, sigara ikapanda, watu wakalalamika barabarani. Jumamosi iliyofuata nilimwambia dada yangu kwamba ushuru wa nyumba nao umepanda. Sasa ni nne katika kila kumi. Sikuwa na shida yoyote mwaka huo. Mtoto alikuwa mzima, mshahara ulikuja kwa wakati. Nilipandisha kwa sababu redio ilikuwa imenipa nafasi. Dada yangu alikunja noti nilizompa, akazifunga kwenye pindo la leso, na siku hiyo alisahau kunifungia samaki.

Jambo moja lilinipa usalama, na ni vigumu kulieleza kwa mtu asiye wa kwetu. Mwanamume hatoki kwenda kwa ndugu za mke wake kudai. Akifika kwa wakwe huketi kando, hula anachopewa, husifu chakula, na habari ya fedha haimtoki mdomoni, hata kama anadhulumiwa. Kwa hiyo hata kama shemeji angekuja kujua, nilijua hatakuja kuniuliza. Nilijificha nyuma ya adabu yake.

Barua ilinifikia shuleni, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ilikuwa bahasha ya kaki ya serikali. Mwalimu mkuu alinikabidhi mbele ya wenzangu katika chumba cha walimu akasema, "Mwalimu, hii ni promosheni au nini?" Wote wakacheka, nami nikacheka nao, kisha nikaenda kuifungulia chooni. Nilitakiwa kufika ofisi ya ushuru kuhusu mapato ya nyumba za kupangisha zilizoko Manyatta.

Afisa aliyenipokea alikuwa mama wa rika langu, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Hakuwa mkali. Ingekuwa afadhali angekuwa mkali.

"Keti, mwalimu. Hii ploti ya Manyatta, vyumba sita, unaijua?"

"Naijua."

"Ni yako na nani?"

"Na dada yangu."

"Sawa. Hapo tunaelewana." Alifungua faili, na niliona mara moja kwamba halikuwa langu. "Bwana ya dada yako ameandika hii nusu kila mwaka. Miaka tano sasa. Anasema nusu ni ya mke wake, nusu ingine ni ya shemeji yake, mwalimu, na jina lako liko hapa. Sasa mimi nikasema acha nitafute hiyo nusu ingine kwa faili yako. Hakuna kitu."

Aligeuza faili nione. Yalikuwa maandishi ya fundi, herufi kubwa zilizosimama kila moja kwenye kijisanduku chake, bila kufutwa popote. Jumla aliyoandika ilikuwa nusu kamili ya kodi ya mwaka mzima. Hakuwa ametoa zile tatu, wala zile nne. Kitu pekee alichokuwa ametoa ni nusu ya gharama ya mabati tuliyobadilisha mwaka mmoja, na risiti ilikuwa imebanwa nyuma. Nilikumbuka nilivyoudhika dada yangu aliponiomba risiti ile. Nilimwambia, unataka karatasi ya nini wewe?

"Na alilipa?" nikauliza, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Alilipa yote. Huyo huja mwenyewe, anapanga laini na overoli yake." Akachukua kalamu. "Sasa niambie, dada yako anapata nusu yake kamili?"

"Kamili," nikasema.

Akaandika. Kisha akanieleza kwa upole nitakachofanya. Nilete barua yenye sahihi zetu wawili, dada yangu na mimi, ikisema tunagawana vipi na tangu lini. Baada ya hapo nijaze fomu za miaka yote ya nyuma, fungu langu nililipie, na faini juu yake. "Unaweza lipa pole pole, mwalimu," akasema. "Usiogope sana. Wengi hawajui."

Nilishuka ngazi nikakaa kwenye ukuta mfupi nje, na nikiwa pale ndipo nilipohesabu vizuri. Watu wale wawili walikuwa wamelipa ushuru wa pesa zilizokuwa mfukoni mwangu. Mimi nilimkata dada yangu kwa jina la serikali, na serikali ikamdai mumewe kwa pesa zilezile, naye akalipa. Kochi langu lilikuwa limelipiwa ushuru na mtu aliyekuwa akikalia kiti cha mbao. Nilitamani ardhi ipasuke. Ningependa kuandika kwamba nilikwenda Otonglo moja kwa moja nikapiga magoti.

Badala yake, Ijumaa jioni, karani wa shule alipoondoka, niliingia ofisini nikaketi mbele ya taipureta. Niliandika barua kwa Kiingereza, kwa sababu dada yangu hakusoma Kiingereza. Barua ilisema kwamba katika vyumba sita, kimoja ndicho changu na vitano ni vyake, na kwamba tumegawana kodi hivyo tangu mama yetu afe. Kwa barua hiyo deni langu lingekuwa dogo sana. Na kwa barua hiyohiyo shemeji, aliyeandika nusu kila mwaka, angeonekana ndiye aliyeficha vyumba viwili kwa miaka mitano, na faini ingemwangukia yeye.

Nililijua hilo. Sikuligundua baadaye. Nilisimamisha vidole juu ya mashine nikalifikiria mpaka mwisho, kisha nikaendelea kupiga. Nilijiambia kwamba yeye ni fundi tu, watasema hakuelewa fomu na watamsamehe, lakini mimi ni mwalimu, ninafundisha ushuru, nitaonekanaje? Nilijiambia pia kwamba karatasi ya ushuru si karatasi ya chifu, vyumba vitabaki vilivyo. Sababu zenyewe zilikuwa za mtoto, na zilinitosha.

Jumamosi nilifika Otonglo saa tisa hivi. Dada yangu alikuwa sokoni mbele ya karai la mafuta, wateja wamemzunguka. Alipoona uso wangu alimwachia jirani moto akanipeleka nyumbani, si mbali, akanitilia chai. Hakukaa. Alisimama akifuta mikono.

"Ofisi ya ushuru imeniita," nikasema. "Ni mambo ya kawaida tu. Wanataka barua ya kwamba vyumba ni vyetu. Sahihi yako tu ndiyo imebaki."

"Isome."

Nikaikunjua, nikaisoma kwa Kijaluo, macho yangu yakifuata mistari ya Kiingereza kama mtu anayefasiri. "Sisi wawili, watoto wa mama mmoja, tuna vyumba sita Manyatta. Tunagawana nusu kwa nusu, kama mama yetu alivyosema mbele ya pasta na akina mama wa kanisa." Hakuna neno hata moja la hayo lililokuwa kwenye karatasi. Habari ya pasta na kanisa niliitia papo hapo, ili uongo uwe mtamu. Mama yetu alikuwa kaburini, nami nilimtoa anisaidie.

"Ni nzuri," alisema dada yangu. "Lakini mikono yangu ina mafuta. Wacha baba watoto aishike."

Kabla sijajibu alikwisha kuita. Shemeji alikuwa nyuma ya nyumba akitengeneza baiskeli ya mtu. Alinawa, akaingia, akanisalimia kwa heshima yote, akachukua karatasi kwa mikono miwili akasogea mlangoni penye mwanga. Midomo yake ilikuwa ikienda pole pole. Sikujua kwamba alisoma Kiingereza. Kwa miaka kumi na zaidi sikuwa nimejishughulisha kujua. Aliisoma mpaka mwisho, akarudi juu, akaisoma tena.

Hakuniangalia. Alimgeukia mkewe.

"Mama, hapa imeandikwa chumba kimoja na vyumba vitano," alisema. "Nafikiri mwalimu alipiga taipu kwa haraka."

Akaiweka karatasi mezani, akainyoosha kwa kiganja. Kisha akasema anasikia kama mbuzi wameingia kwenye mboga, akatoka. Mimi nilijua, kama yeye alivyojua, kwamba hawakuwa na mbuzi.

Dada yangu alivuta kiti akaketi. Chai yangu ilikuwa imepoa na nilikuwa nimekishika kikombe kwa mikono yote miwili.

"Wuod minwa," alisema, mtoto wa mama yangu, jina aliloniita tangu nikibebwa mgongoni mwake. "Ulikuwa unanisomea nini?"

Nilianza kusema habari ya taipureta, kwamba herufi zake zimelegea. Aliinua mkono nikanyamaza.

"Baba watoto alijua tangu siku ile ya kwanza uliyokuja na kalamu," alisema. "Ulidhani nitaishi na mtu nimfiche nusu ya nyumba? Nilimwambia. Akasema, kama sheria inataka iwe kwenye fomu yangu, nitaiandika. Akaenda kuuliza, kama wewe ulivyouliza."

"Kwa hiyo ulijua kwamba mimi sikuwa..."

"Wapangaji wote wa Manyatta hununua samaki kwangu. Najua nani analipa ngapi. Yule wa chumba cha nne ulimpandishia kodi mwezi wa pili, mimi ukaniambia mwezi wa sita."

Hilo nilikuwa nimelisahau hata mimi.

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja useme wewe. Nilifikiri una shida ambayo mwalimu hawezi kumtajia muuza samaki. Nikasema, acha achukue, shida itakwisha naye ataacha. Kisha ukaongeza baada ya bajeti." Alicheka, lakini kicheko kilikatika. "Siku ile nililia. Nilitaka kuja kwako nikuulize mbele ya mke wako. Baba watoto akanizuia. Alisema nikikuuliza itakuwa ni yeye anauliza kupitia mdomo wangu, na yeye hawezi kudai kwa wakwe."

"Lakini mlilipa ushuru wa pesa ambazo hamkupata."

"Yule mama wa ofisi alisema nusu ni yangu," alisema dada yangu. "Iwe mkononi mwangu, iwe mkononi mwako, ni yangu. Sasa ningemwambia baba watoto aandike kwamba si yangu?"

Nilisema, "Nisamehe," na neno lilinitoka kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kijaluo, lugha aliyonifundisha yeye kutamka, halikutaka kutoka. Hakunijibu ndiyo wala hapana. Alinyanyuka akaichukua barua yangu, akaiweka jikoni kwenye kikapu cha karatasi za kuwashia moto, akarudi.

"Una karatasi nyingine?"

Sikuwa nayo. Alichana ukurasa katikati ya daftari la binti yake, akaifuta meza, akauweka mbele yangu. Nilitoa kalamu. Nilimwambia nitaandika kwa Kiswahili safari hii, ili aweze kuisoma mwenyewe, hata kama ni pole pole.

"Andika kwa lugha ile ofisi inataka," alisema.

Basi nikaandika kwa Kiingereza. Niliandika kwamba vyumba ni sita, nusu ni yake na nusu ni yangu, tangu mama yetu afe. Niliandika kwamba mumewe ameandika fungu lake kwa usahihi miaka yote, na kwamba aliyekosa kuandika ni mimi. Kuhusu zile tatu na zile nne sikuandika chochote, wala hakuniambia niandike. Nimezirudisha baadaye kidogo kidogo, si zote, na hajapata kuniuliza zimebaki ngapi. Ukurasa ule wa daftari ulikuwa na mistari ya buluu, na mwandiko wangu, ambao wanafunzi huambiwa wauige, ulipanda na kushuka.

Nilipomaliza nilimwomba amwite shemeji aisome kwanza. Nilimwomba mara mbili. Nje tulisikia baiskeli ikizungushwa pedali, mnyororo ukilia.

"Umeandika nusu?" aliniuliza.

"Nusu."

Alifuta vidole kwenye leso, kimoja kimoja, akachukua kalamu kutoka mkononi mwangu. Hakumwita mumewe, na hakuniambia nimsomee. Aliinama juu ya karatasi akaandika jina lake lote, herufi moja moja, pale nilipomwonyesha.